Kikombe cha Bati Juu ya Mlango

Kikombe kilikuwa na jina lake. NIGEL, herufi kubwa zimechongwa kwenye bati, kinaning'inia kwenye ndoano juu ya mlango wa baa ya Kondoo Dume. Nigel Pomfret alikigonga kwa paji la uso alipokuwa akiingia, akaomba radhi kama kawaida yake, kisha akagundua kwamba amekiomba radhi kikombe, na kikombe chenyewe ni chake.

"Gillian!" alimnong'oneza mkewe huku akimvuta mkono wa koti. "Unaona ninachokiona?"

"Nakiona. Tukae basi."

Tangu wahamie kijiji cha Nether Wickley kutoka London, Nigel hakutaka mali wala cheo. Alitaka kikombe. Wenyeji wa baa ile hawanywi kwa glasi. Kila mmoja ana kikombe chake cha bati, vimetundikwa juu ya kaunta, vyeusi kwa moshi. Glasi ni ya mgeni, na Nigel alikuwa amenywa kwa glasi mpaka ameichukia. Majina ya kwenye vikombe hakuwahi hata kuyasoma. Macho yake yalikuwa kwenye ndoano moja tupu, pale pembeni.

Na alihangaika, maskini. Alinunua mbwa wa kuchunga, ilhali kondoo hana, na mbwa mwenyewe akiona kondoo hujificha nyuma ya bwana wake. Alitembea na fimbo, miguu mizima. Alijifunza bia za kienyeji, zile za kahawia zinazopikwa bonde la pili na zisizotiwa friji, akawa anazinusa amefumba macho na kuzihubiri. Siku moja aliisifia bia mpya, eti ina ladha ya asali na majani makavu, mpaka Maureen, mwenye baa, akamwambia taratibu kwamba yale ni maji aliyosuuzia pampu ya bia. Nigel hucheka sana akikumbuka, ila huchekea bafuni, peke yake.

Kila jioni alimsimulia mkewe maendeleo yake. Nani alimwitikia kwa kichwa, nani alikohoa kwa namna ya kirafiki. Gillian hakuhangaika na lolote. Alifuga kuku, akajiunga na kwaya ya kanisa, na kila Jumatano alirudi amechelewa, mashavu mekundu kwa kuimba.

Kuja kula baa usiku ule lilikuwa wazo lake Gillian. "Nina jambo la kukuambia," alisema. Nigel aliliona sanduku kwenye buti la gari, makoti yake ya zamani yamejaa ndani, akamsifu mkewe kwa kuukumbuka mnada wa kanisa wa nguo kuukuu. Sasa aliona wazi jambo lenyewe lilikuwa lipi. Mkewe alikijua kikombe hiki siku zote, akataka kumshtukiza. Alimpenda sana dakika ile.

Maureen akaleta pai ya nyama iliyopikwa kwa bia, chipsi na njegere, kisha akakitungua kikombe kwa mkono wake na kukijaza mpaka povu likamwagika.

"Kunywa, Bwana Nigel. Leo hulipi chochote."

"Jamani, kwa nini?"

"Ndiyo desturi yetu. Gillian, nawe nikutilie?"

"Bado kidogo," Gillian akasema. Pai yake alikuwa hajaigusa.

Mzee Wilf, mchungaji wa kondoo ambaye hajawahi kumwambia Nigel neno zaidi ya "mvua", aliondoka pale alipokuwa akiota moto, akaja, akamshika mkono na kuung'ang'ania.

"Hukuwa mtu mbaya, wewe," alisema.

Nigel alihisi machozi. Hotuba nzima, kutoka kwa Wilf!

"Na mbwa je?" mzee akamgeukia Gillian.

"Anabaki."

"Tumemwacha nyumbani," Nigel akadakia. "Akiona watu wengi anatapika."

Wilf akamtazama, akarudi kwenye moto wake.

Wengine nao wakaja mmoja mmoja, wakamshika bega, wakamtakia heri. Nigel alisimama. Alijua anajiaibisha, na kwa mara ya kwanza hakujali. Alisema kwamba alifika hapa mjinga wa mjini, mnusa maji machafu, na kwamba usiku huu wamemfanya mtu. Baa nzima ilikuwa inatazama sakafu, naye akadhani ni haya za watu wa mashambani.

"Ila neno moja, Maureen, usinifikirie mtovu wa shukrani. Ndoano ile tupu pale kaunta naijua miaka yote. Mbona kikombe changu mmekipeleka mlangoni?"

Maureen alimtazama Gillian. "Mama wee. Hujamwambia?"

"Nilitaka ale kwanza," Gillian akasema. "Pai hii anaipenda."

Maureen alijifuta mikono kwenye aproni, polepole.

"Vya kaunta ni vya wanaobaki, mpenzi. Cha mlangoni ni cha anayehama. Anakinywea mara ya mwisho, kisha anaondoka nacho."

Nigel aliangua kicheko. Hata hili nalo, alilielewa kinyume!

"Basi mmekosea, jamani. Sisi hatuhami popote. Mwambie, Gillian."

Gillian alikuwa ameshainuka. Alinyoosha mkono juu ya kaunta, bila hata kutazama, akatungua kikombe cha bati kilichochakaa kishikio kwa kushikwashikwa, chenye jina GILLIAN, akampa Maureen akijaze.