Kibali cha Kutoka

"Funua turubai," alisema mlinzi.

Profesa aliachia mpini wa toroli. "Si umeiona karatasi, mzee wangu? Mihuri mitatu hiyo. Imenitoa jasho mwaka mzima."

"Nimeiona. Sijaisoma."

Aliisogeza karibu na macho, akaanza kuisoma herufi moja moja, kidole kikitambaa chini ya maneno. Shule aliiachia darasa la tatu, lakini mhuri wa kughushi aliujua hata kwa mbali. Chuo kizima kilimwita Mzee Karatasi. Hata kiti kilichovunjika mguu hakikutoka kwenye geti lake bila kibali.

Leo hakuwa na haraka. Acha jua limchome Profesa kidogo, na yeye aonje.

Mwaka jana, saa nane mchana, umeme ulikatika mji mzima. Ng'ambo ya barabara, katika wodi ya wanawake, mkewe alikuwa akipumua kwa mashine. Mzee Karatasi alikuwa hapahapa getini. Aliomba ruhusa ya siku moja tu, msimamizi akamjibu, "Kwani wewe ni daktari?" Alijipa moyo kwamba hospitali ina jenereta. Jenereta ilikuwepo. Mafuta yake ndiyo hayakuwepo, na yalikokwenda wanajua wakubwa.

Jioni alipovuka barabara, alikuta kitanda kimeshatandikwa upya.

Kilichomkaa rohoni ni dirisha la maabara, ghorofa ya pili. Mchana ule wote lilikuwa linawaka taa! Profesa na mitambo yake inayokula gesi na kutoa umeme, betri zimejaa rafu nzima, feni inazunguka. Na hatua mia tatu kutoka hapo, mtu anakata roho kwa kukosa umeme.

Tangu siku hiyo hakuijibu salamu ya Profesa hata mara moja.

Wakubwa nao! Kwa siku hiyohiyo walimwandikia barua ya pongezi. Bado ilikuwa imebandikwa kibandani, pembe zimejikunja. Umeme ulipokatika na kuwachanganya watu maofisini, jamaa mmoja wa ovaroli alikuja mbio na sanduku la betri kwenye toroli, karatasi hana, maneno kibao. Mwizi hakosi maneno. Mzee Karatasi hakumsikiliza. Alishusha rungu, likatua kwenye sanduku, jamaa akageuza toroli. "Kwa kulinda mali ya chuo," barua ilisema. Sanduku lilipata barua na mhuri. Mke wake hakupata hata pole ya mdomo.

"Unaupeleka wapi mzigo?" aliuliza, ingawa ilikuwa imeandikwa.

"Hospitali hapo. Wodi ya wanawake. Umeme ukikatika, hii peke yake itaziendesha mashine za kupumulia saa sita, bila moshi, bila kelele."

Mlinzi aliikunja karatasi.

"Mmechelewa mwaka mzima, Profesa."

"Tumechelewa, kweli." Profesa aliinamisha kichwa. "Hata sina la kujitetea."

"Basi funua turubai. Kila mzigo unakaguliwa. Hata wa wasomi."

Profesa alifungua kamba, akavuta turubai pembeni.

Lilikuwa sanduku la buluu. Kona yake ya kushoto ilikuwa imebonyea, upana wa rungu.

"Hiyo kona isikutie shaka, mzee wangu," alisema Profesa, akilipapasa. "Iliumia siku ile umeme ulipokatika, nilipomtuma fundi wangu aikimbize betri hii wodini. Ndani ni nzima. Hata siku ile ilikuwa imejaa."