Mtungi Uliovikwa Blanketi

Tangu Ambokile aanze kujifunza kutengeneza pombe nyumbani, blanketi zito la kitandani lilihamia kwenye mtungi, ati pombe isipigwe baridi ikakataa kuumuka. Kila asubuhi aliuinamia, akautegea sikio, akatabasamu. Tabasamu lile mkewe, Tusekile, hakuwa amelipata miaka mingi.

Leo mumewe alipotoka kwenda kusaga mtama, Tusekile alichota chumvi konzi nzima, akafunua mtungi. Povu lilikuwa likinong'ona. Kwa wivu, akanyoosha mkono aimwage chumvi ndani, pombe iharibike.

"Kumbe na wewe huja kuisikiliza?" Ambokile alikuwa amerudi kuchukua gunia. Alimsogeza taratibu mpaka sikio lake likagusa mtungi. "Sikia, mke wangu. Kikombe cha kwanza ni chako."

Tusekile alikaza ngumi. Ndani yake, chumvi ilianza kuyeyuka kwa jasho.