Umeamkaje, Bi Somoe?

Kila asubuhi kisanduku cha serikali kilichopachikwa ukutani kiliwasalimia wagonjwa majumbani mwao, na jibu la mgonjwa mwenyewe ndilo lililoamua nani apelekewe gari la hospitali.

"Shikamoo, Bi Somoe. Umeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama."

Mshamu, mumewe, alishika kichwa. Ini la Somoe lilikuwa limekwisha. Tumbo lilimjaa maji hata kulala chali hawezi, na ngozi ilimwasha akajikuna mpaka damu. Salama gani hiyo?

"Mama Zuhura, kiambie unaumwa! Waje wakutoe maji."

"Mtu kanisalimia kwa adabu, nimmwagie shida zangu hapo hapo?"

"Mtu gani hicho! Wakubwa wamekifundisha shikamoo makusudi, wanajua tulivyolelewa. Wao wakiumwa hawaulizwi, wanapakiwa ndege."

Mshamu akajaribu kujibu yeye. Kisanduku kikasema sauti si ya mgonjwa.

Siku tisa alimbembeleza mkewe. Ya kumi, Somoe aliamka macho yamemtoka, mikono inamtetema, hamjui hata Mshamu. Kisanduku kiliposalimia, alipiga kelele: "Nakufa! Tumbo linapasuka! Njooni!"

Mshamu nusura alie kwa furaha. Alikimbilia chumbani kumtafutia kanga safi ya safari.

"Pole, Bi Somoe," kilisema kisanduku, kwa upole uleule. "Sumu ya ini imekupanda kichwani, kwa hiyo maneno ya leo hayahesabiwi. Tunabaki na jibu lako la jana."

Kikazima taa yake hadi kesho, na Somoe bado anaita.