Kaburi la Ah-tu

Mwaka huu pia waziri hakuinama.

Alifyeka majani ya kaburi kwa mkono mmoja, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Akafuta jiwe, akachomeka udi, kisha akasimama wima. Yueh-o na bintiye Hsiu-chin walipomaliza kupanda kilima walimkuta hivyo. Chini barabarani, mkewe alikuwa amebaki garini, kama kila mwaka siku ya kusafisha makaburi.

Wengine walimpenda waziri huyo. Kao Tse-ming ndiye mhandisi aliyejenga bwawa la bonde lile, akatoka hapo akawa waziri wa uchumi, na kisiwa kizima kikaona kazi yake: umeme, viwanda vya nguo, kisha vya redio. Hsiu-chin mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda kimoja mjini Taichung. "Tulikuwa watu wa viazi vitamu," wazee wa bonde walisema, "huyu katulisha wali."

Yueh-o wali huo ulimkwama kooni. Handaki la bwawa lilipofurika, watu wawili walikuwa ndani kabisa: mumewe Ah-tu, nyapara wa wachimbaji, na kijana wa chuo aliyekuja likizo kusaidia kupima, ambaye vibarua walimwita Chih-yuan tu, jina la ukoo hawakulijua. Mto ulirudisha mwili mmoja tu, siku nyingi baadaye, uso hautambuliki. Yueh-o alifika mbio, Hsiu-chin mgongoni, akauangukia. Mhandisi alikuwa amekwisha kuufunua. Alimtazama Yueh-o anavyolia, akamtazama mtoto.

"Mpeni mama mume wake akamzike," akasema, akageuka akaenda zake.

Hakudondosha hata chozi. Hilo Yueh-o hakumsamehe.

"Umekuja, Mheshimiwa," alimwambia sasa. "Na kashata zako tena."

"Nimekuja, Mama Hsiu-chin."

"Meno ya kutafuna kashata Ah-tu aliyatoa wapi? Huyu alikuwa mtu wa pombe na sigara." Aliisukuma kando sahani ya kashata za karanga, akaweka kichupa cha pombe ya mchele mahali pake.

"Mama, mwache mzee wa watu," Hsiu-chin alinong'ona.

"Nimwache? Sisi ndio tunaomwacha. Keshokutwa tunaifukua mifupa, Mheshimiwa. Mimi nahamia Taichung kwa binti yangu, na mume wangu naye anahama. Huna haja ya kuhangaika na kilima hiki tena."

Waziri alilishika jiwe la kaburi asianguke. Alikuwa mtu aliyezoea kuamrisha, lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwombaji.

"Mnampeleka wapi? Naomba nijue tu."

"Ili iwe nini?"

"Niwe nakuja kumsalimu."

"Ndiyo salamu hiyo, kumsimamia mtu kama askari wa zamu? Rika lako huyu, mlikula sufuria moja kambini. Vibarua wenzake wakija hapa wanapiga magoti. Hata wakubwa waliokuja na wapiga picha waliinama. Wewe mwaka nenda mwaka rudi shingo haikunjiki." Yueh-o alikunja mikono kifuani. "Mwinamie mume wangu leo, mbele yangu, nitakuambia anakwenda wapi. Hutaki, shika njia."

Waziri alifungua kinywa, kama mtu mwenye neno. Macho yake yakaenda kwa Hsiu-chin, aliyekuwa akipanga maua mbele ya jina la baba yake na kulifuta vumbi kwa ncha ya kitambaa. Akafunga kinywa.

Aliilaza fimbo yake chini. Akaanza kushuka, polepole, mguu mbovu ukitetemeka, mpaka goti moja likagusa majani. Yueh-o alikuwa ameingoja siku hii tangu ujana wake. Alidhani ataona raha. Aliona mzee tu, anahema, anatafuta pa kuweka goti la pili.

"Basi, mzee, inatosha," Hsiu-chin alisema.

"Haijatosha," alijibu Yueh-o, ingawa sauti yake ilikuwa imepungua makali.

Mlango wa gari ulisikika chini. Mke wa waziri, bibi mwembamba ambaye hakuwahi hata mara moja kukanyaga kilima kile, alikuwa akipanda haraka, viatu mkononi. Aliwapita mama na binti bila salamu. Akamshika mumewe kiwiko, akamvuta juu kwa nguvu ambazo hakuna ambaye angemdhania.

"Inuka, Baba Chih-yuan," alisema taratibu. "Baba hamwinamii mwanawe."