Msomaji Mmoja

Kwenye ukumbi wa hadithi mtandaoni wa Mwanahawa na wenzake kulikuwa na sharti moja: huweki hadithi mpya kabla hujatoa maoni juu ya ile iliyotangulia. Tena ukumbi ukikaa wiki nzima bila hadithi, unafungwa. Leo ilikuwa siku ya saba, na hadithi iliyotangulia ilikuwa ya Mwanahawa mwenyewe. Ya kabla yake pia.

"Wenzio wote wamehama, wewe umebaki kufagia uwanja," alisema dada yake, Kibibi, akikanda unga wa chapati. "Basi jisifu, uiweke hiyo mpya, uje unisaidie kusukuma."

"Sharti si kusifu, dada. Ni kusema kweli."

Mwanahawa, mtoto wake kamlalia mgongoni, akaisoma hadithi yake kama ya mtu baki, mpaka uso ukamshuka. Kisha akaandika chini yake: "Mwandishi, mwisho umeukimbiza. Yule mama umemwacha mlangoni. Lakini usiache kuandika."

"Umejisema?" Kibibi akauliza.

"Nimejisema."

"Imeuma?"

"Kidogo."

Akaiweka hadithi mpya. Chini yake pakatokea: msomaji mmoja. Alijua ni yeye. Akailaza simu kifudifudi mezani, akashika kibao na mti wa kusukumia.

Walipofikia chapati ya tatu, mikono yake imejaa unga, simu ikatetemeka kama zamani maoni yalipoingia ukumbini, na mwanga mwembamba ukachungulia pembeni. Hakuna aliyesogea. Kibibi, mwiko mkononi, alisahau kuigeuza chapati iliyokuwa kikaangoni.