Ndara za Chumba Namba Tisa

Asubuhi ya tatu Kibwana alitoka gesti, begi begani, akaenda kwa dada yake Mwanahawa, mitaa minne tu kutoka hapo. La kusema alikuwa nalo: basi liliharibika njiani. Asingethubutu kusema kwamba alilala siku mbili kwenye chumba chenye feni kwa kukosa moyo wa kumsikia shemeji yake akiugulia usiku kucha, shemeji yule yule aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Tunakungoja tangu juzi."

"Basi liliharibika. Ndiyo kwanza nashuka."

Mwanahawa alikuwa akimtazama miguuni. Kibwana naye akainamisha macho. Viatu vyake alivisahau chini ya kitanda cha gesti. Alikuwa amevaa ndara za bluu za kuogea, kila moja imechomwa namba tisa kwa msumari wa moto, ili wageni wasiondoke nazo.

Akazivua mlangoni.

"Ni yeye?" mgonjwa aliuliza kutoka ndani.

"Ni yeye, baba Salma," Mwanahawa alisema. "Basi lilimchelewesha. Kaja moja kwa moja."

Kibwana akaketi kando ya kitanda. Mkono mkavu ukaushika wake.

"Pole na safari, mwanangu," shemeji yake alisema, wala hakumwachia.

Mlango ulikuwa wazi. Nje, Mwanahawa aliinama, akazikung'uta zile ndara vumbi, akazipanga sawasawa, zikielekea barabarani.