Moyo Uliokuwa Ukikimbia

"Hata kushika mkono hujui!" mzee alifoka kitandani, kwa sauti iliyomkumbusha binti baba yake mwenyewe, aliyekuwa daktari.

Binti, mwanafunzi wa udaktari, alimeza hasira, akakibana kifundo cha mkono wa mzee kwa dole gumba. Mapigo yalikwenda mbio kama mtu anayefukuzwa.

"Mwalimu, moyo wake unakimbia. Tumchome sindano ya kuutuliza."

"Dole gumba lina mapigo yake, mwanangu," mwalimu alisema. "Shika kwa vidole viwili."

Akashika. Chini ya ngozi nyembamba, moyo wa mzee ulitembea taratibu, hauna haraka na mtu.

Akaduwaa, kama aliyesikia hodi ikipigwa kutoka ndani ya nyumba yake.

"Haya, unasikia nini?" mzee alifoka.

"Wewe umetulia, baba. Anayekimbia ni mimi."